Batman ana ubahili gani? Jibu kwa mwalimu aliyesoma Batman: Noël

Mwalimu mmoja wa fasihi ameniandikia kwamba kaka yake amemletea kitabu cha katuni kiitwacho Batman: Noël. Amekimaliza kwa usiku mmoja, na kimemwachia swali. "Hadithi ya Scrooge naijua tangu nikiwa mwanafunzi," anasema. "Scrooge ni bahili, mkono wa birika hasa. Lakini Batman ni tajiri anayetoa mali yake na usingizi wake kwa ajili ya mji wake. Ubahili wake uko wapi? Mwandishi hakulazimisha mfanano? Na je, naweza kukisoma na wanafunzi wangu wa kidato cha tatu?"

Mwalimu, umegusa penyewe. Nilipokisoma mara ya kwanza nilikwama hapo hapo ulipokwama, ikanibidi nirudi kwa Charles Dickens, Mwingereza aliyemtunga Scrooge, ndipo nikaelewa. Kwa maoni yangu mfanano haukulazimishwa. Batman wa kitabu hiki ni bahili kweli, ila anachokibania ni imani. Kuna mtu mdogo kabisa, mhalifu wa vichochoroni, na Batman hawezi kumpa hata senti moja ya imani kwamba anaweza kubadilika. Ukimsoma Scrooge taratibu utakuta naye, chini ya sarafu zake zote, anaumwa ugonjwa huo huo.

Kwa wenzetu ambao hawajakiona: Batman: Noël kilitolewa na DC Comics mwishoni mwa mwaka 2011. Maneno na michoro ni vya mtu mmoja, Lee Bermejo, Mmarekani aliyekuwa akijulikana zaidi kwa kuchorea hadithi zilizoandikwa na Brian Azzarello, hasa Joker ya mwaka 2008. Rangi ni za Barbara Ciardo. Jina la kitabu halina ugeni kwetu, maana ni Noeli ile ile tunayoisikia kanisani, kwa tahajia ya Kifaransa. Msingi wake ni A Christmas Carol ya Charles Dickens, iliyotoka London tarehe 19 Desemba 1843. Haki miliki ya kazi hiyo ilikwisha zamani, kwa hiyo kila kizazi kinaichukua na kuishona upya. Bermejo hakuwa wa kwanza hata kwenye katuni. Mwaka 1947 Carl Barks alimbuni bata tajiri mwenye miwani, Scrooge McDuck, ndani ya hadithi ya Krismasi, na jina alilichukua kwa Dickens bila kificho. Mwaka 1968 Teen Titans, kundi la mashujaa vijana wa DC, katika toleo lao la 13, walipambana na mfanyabiashara wa vyuma chakavu aitwaye Ebenezer Scrounge. Hizo zilikuwa za kuchekesha. Ya Bermejo haichekeshi.

Sasa turudi kwa Scrooge mwenyewe, maana jibu lako liko kwake. Ni mkesha wa Krismasi, ukungu umetanda, ofisini kuna makaa kidogo tu motoni. Wanaingia mabwana wawili wanaochangisha kwa ajili ya maskini. Scrooge anawauliza kama magereza bado yapo. Yapo. Na zile nyumba za kazi, ambako fukara waliingizwa watumike ili wapate mlo? Nazo zipo. Basi mimi nachangia kuziendesha, anasema, na gharama yake si ndogo. Wenye shida waende huko. Mabwana wanamwambia wengi wangeona afadhali kufa. Anajibu kwamba kama ni hivyo wafe tu, wapunguze idadi ya watu waliozidi. Kisha anamalizia kwamba hayo si shughuli yake. Mtu akiijua shughuli yake mwenyewe inamtosha.

Soma tena hapo, Mwalimu. Scrooge hajaiba. Kodi amelipa. Karani wake, Bob Cratchit, anapata shilingi 15 kwa juma. Kwa hesabu za daftari lake hadaiwi na mtu yeyote chini ya jua, na hilo ndilo linalomfanya awe mgumu kiasi kile, kwa sababu hakuna mlango wa kumwingilia. Usiku, mzuka wa Jacob Marley, mshirika wake aliyekufa miaka saba kabla, unapomtokea, Scrooge anajaribu kuutuliza: wewe ulikuwa hodari sana wa biashara, Jacob. Marley anapiga yowe na kufikicha mikono. Biashara! Wanadamu ndio waliokuwa biashara yangu!

Ukishalishika jibu hilo la Marley, Batman wa Bermejo anafunguka wote. Naye anaijua shughuli yake, na anaifanya vizuri kuliko mtu yeyote. Joker, adui wake mkuu, ametoroka, lazima akamatwe kabla hajaua. Katika hesabu hiyo anatokea mtu aitwaye Bob, baba mwenye kijana mdogo aitwaye Tim, nyumba ya hali ya chini na kazi chafu, kwani anabeba mizigo ya fedha ya Joker. Batman anamnasa Bob. Angeweza kumpeleka polisi, na angeweza pia kumuuliza ameingiaje kwenye kazi ile. Anamwachia aende zake, huku akimfuatilia, ili Joker atakapokuja kumdai fedha naye anaswe. Yaani Bob ni chambo. Na sisi tuliokulia karibu na maji tunajua mvuvi hamwonei chambo huruma.

Hapo ndipo ulipo ubahili wake. Kwa macho ya Batman, Bob ameshahukumiwa: mhalifu ni mhalifu, habadiliki, na likimpata la kumpata amejitakia. Weka maneno hayo kando ya yale ya Scrooge kuhusu watu waliozidi. Ni mzani ule ule, umebadilishwa mawe tu.

Nakuomba pia uangalie kwa nini Dickens alimpa Bob Cratchit nafasi kubwa kiasi kile, maana Bermejo amelielewa hilo kuliko watengeneza filamu wengi. Dickens aliyajua madeni kwa ngozi yake. Mwaka 1824 baba yake alifungwa katika gereza la Marshalsea, London, kwa deni, na Charles, mwenye miaka 12, alikuwa akibandika karatasi kwenye makopo ya rangi ya viatu katika kiwanda kando ya Mto Thames, kwa shilingi 6 kwa juma. Karibu miaka 20 baadaye, Septemba 1843, alitembelea shule ya watoto fukara katika mtaa wa Field Lane, akatoka na moyo uliochubuka. Oktoba akaanza kuandika, na kwa takriban majuma sita hadithi ilikuwa tayari. Nakala 6,000 za kwanza ziliisha kabla ya Krismasi. Kwa hiyo Bob, mkewe na watoto wao sita hawakuwekwa pale kama pambo la sikukuu. Ndio shabaha ya kitabu.

Kuhusu wageni wa usiku, kuna jambo moja la lugha ambalo nadhani darasani kwako litazua mjadala. Wengi huwaita "mizimu", nami naona neno hilo linatupoteza. Mzimu kwetu ni wa ukoo. Una jina, una kaburi, una wajukuu wa kuutambikia. Marley ni mzuka, kwa kuwa alikuwa mtu, akafa, akarudi. Lakini watatu wanaomfuata hawakuwahi kuwa watu. Ni nyakati zilizovaa umbo: Krismasi iliyopita, iliyopo na ijayo. Mimi nawaita roho, na bado sijaridhika.

Bermejo amewageuza wote watatu kuwa viumbe hai. Catwoman, mwizi wa kike ambaye Batman humkimbiza, anashika nafasi ya wakati uliopita, Superman ya wakati uliopo, Joker ya wakati ujao. Marley wake tu ndiye mfu, naye ni Robin, kijana msaidizi wa Batman. Na amemfanya Batman awe mgonjwa, anakohoa, kifua kimembana, ili msomaji asijue wapi homa inaishia na wapi maono yanaanzia. Hata hilo mbegu yake imo kwa Dickens: Scrooge akimwona Marley anajiambia huenda ni kipande cha nyama kisichosagika tumboni, au kiazi kisichoiva.

Robin kuwa Marley ni uamuzi mzito kwa yeyote aliyefuatilia katuni hizi. Marley wa Dickens amefungwa mnyororo alioufua mwenyewe akiwa hai, pingili kwa pingili, na ukiutazama umetengenezwa kwa masanduku ya fedha, funguo, makufuli na madaftari ya hesabu. Mnyororo wa Batman ni kijana aliyemvalisha vazi la vita. Mwaka 1988 DC iliwaachia wasomaji wapige simu kuamua kama Robin wa pili, Jason Todd, afe au apone baada ya kushambuliwa na Joker. Simu 5,343 zilisema afe, 5,271 zilisema aishi. Kwa tofauti ya 72, kijana akazikwa. Kwa hiyo msomaji wa Batman akikutana na Robin mfu, ni jeraha la zamani linatoneshwa. Na tunapata sababu ya moyo kufunga. Scrooge naye alikuwa na sababu yake. Roho ya kwanza inamwonyesha mtoto aliyeachwa peke yake shuleni wakati wa likizo, anasoma karibu na moto dhaifu, na Scrooge mzee anakaa chini analia.

Catwoman sitamzungumzia sana. Anamkumbusha Batman siku ambazo kukimbizana kwao juu ya mapaa kulikuwa na mchezo ndani yake. Kazi yake inatosha, ingawa Dickens kwenye sura hiyo ana dhambi ya wazi, yule mchumba wake Belle, ambaye nafasi yake moyoni ilichukuliwa na fedha, na katuni haina kitu chenye uzito huo.

Superman ndiye aliyenifanya nikithamini kitabu hiki. Kwa Dickens, roho ya Krismasi iliyopo ni jitu lenye joho la kijani na mwenge mkononi, linaloketi juu ya lundo la vyakula na kucheka. Linamchukua Scrooge hadi nyumbani kwa Bob Cratchit, wakae pembeni bila kuonekana. Mwalimu, wasomee wanafunzi wako mlo ule. Bata bukini ni mdogo kwa familia ile, ameongezewa viazi na mchuzi wa tufaha ili atoshe, na Bob anasema hajapata kuona bata kama huyo. Hakuna anayesema ni mdogo. Tiny Tim, mtoto wa Bob anayetembea kwa gongo, amekaa kwenye kigoda karibu na baba yake, na baba ameushika ule mkono mkavu wa mtoto, kama anayeogopa kuporwa. Scrooge anauliza: mtoto huyu ataishi? Roho inajibu kwamba inaona kiti kitupu pembeni mwa moto na gongo lisilo na mwenyewe. Scrooge anaomba aambiwe kwamba atapona. Ndipo roho inamrudishia maneno yake mwenyewe, neno kwa neno: kama ni wa kufa, afe tu, apunguze idadi ya watu waliozidi.

Ukitaka kuihamishia hali hiyo kwenye Gotham, mji wa Batman, bila miujiza, utamtumia nani? Mtu anayeona kupita kuta na kusikia kilio cha mbali. Superman hahitaji joho la kumficha. Anasimama nje kwenye theluji, na ya ndani kwa Bob anayasikia. Batman, ambaye kazi yake ni kupeleleza, hajawahi kupeleleza hapo. Alijua Bob yuko wapi kila dakika, na hakujua nyumbani kwake kuna nini. Ningewapa wanafunzi hilo liwe swali la mtihani: tofauti ya kumfuatilia mtu na kumjua.

Joker, kwa upande wake, ananipa tabu. Roho ya wakati ujao kwa Dickens haina sauti. Imejifunika gubigubi kwa vazi jeusi, inanyoosha kidole tu, na ukimya huo ndio unaomvunja Scrooge. Joker ni mtu wa maneno mengi, anacheka hata peke yake. Mfanano umepinda hapo, nakubaliana na wasiwasi wako. Lakini tazama alichofanya Bermejo na kaburi. Scrooge anaonyeshwa jiwe lenye jina lake, anapiga magoti, anauliza kama haya ni yatakayokuwa au yanayoweza kuwa. Batman haonyeshwi kaburi. Anafukiwa. Joker anamzika mzima mzima, mgonjwa, gizani, na maono ya mji wa baadaye yanamjia humo ndani. Kisha inambidi aichimbue njia ya kutokea kwa mikono yake. Kwa Wakristo watakaokisoma, mtu kutoka kaburini kwenye hadithi ya Noeli ni Pasaka imeingizwa mlango wa nyuma, na sidhani kama imetokea kwa bahati mbaya.

Halafu inakuja sehemu ambayo naiona bora kuliko zote, na ambayo Dickens hana. Batman anamkuta Joker na Bob, bastola inaishia mikononi mwa Bob, na mtutu wake umeelekea kwa Joker. Kwa hesabu ya zamani jambo hilo lingekuwa faida: chambo amemaliza kazi, na mhalifu mmoja ameua mwingine. Batman anamsihi asifyatue. Anamwambia Bob kwa kitendo hicho kwamba yeye si mtu wa namna hiyo, na Bob anaishusha. Fikiria imani inayohitajika hapo. Scrooge alitoa bata mzinga na nyongeza ya mshahara, vitu alivyokuwa navyo tele kabatini. Batman anatoa kile kimoja alichokuwa amekibania tangu ukurasa wa kwanza. Baadaye Bruce Wayne, yaani Batman bila kinyago, anamfungulia Bob mlango wa kazi halali, nako ni sawa, lakini malipo yenyewe yalishafanyika kwenye ile bastola.

Umenigusia pia, mwishoni mwa barua yako, kwamba sauti ya msimulizi ilikuchanganya: ya mtaani, imejaa kutaniana. Hiyo ni sauti ya Bob. Mara nyingi wanaodondoa Dickens huisahau sauti yake, wakabaki na vituko tu. Msimulizi wa 1843 ni mtu wa porojo tamu. Mahali fulani anamwambia msomaji kwamba kiroho amesimama karibu naye, kwenye kiwiko chake. Bermejo ameichukua tabia hiyo akampa mtu aliyetumiwa kama chambo. Aliyekosewa ndiye anayesimulia jinsi mkosaji wake alivyoongoka, na anasimulia bila kinyongo. Nilipolielewa hilo nilirudi mwanzo nikasoma upya, na kila kisanduku cha maelezo kilikuwa na uzito mwingine.

Kuna kilichopotea, na sitakificha. Dickens ana ukurasa mmoja wa kutisha ambapo roho ya Krismasi iliyopo inafunua joho lake, na chini yake wamekunyata watoto wawili, wakavu, wenye nyuso za kizee. Mvulana ni Ujinga, msichana ni Uhitaji. Scrooge anauliza kama hawana pa kukimbilia, na roho inamjibu kwa maneno ya Scrooge mwenyewe: magereza hayapo? Nyumba za kazi hazipo? Ukurasa huo unaisema jamii nzima. Katuni haina ukurasa kama huo. Gotham ni mji ambao umaskini wake umechorwa vizuri mno, kuta zinavuja, theluji ni chafu, pumzi za watu zinatoka moshi, lakini hakuna anayeuliza kwa nini Bob alikosa kazi nyingine katika mji wenye tajiri kama Wayne. Kwa mhusika mwenye fedha kiasi kile, swali hilo lilistahili kuulizwa.

Kuhusu darasa: kidato cha tatu wanakiweza. Wadogo zaidi ningewasubirisha, kwa sababu Joker wa Bermejo ana mdomo uliochanwa na anatisha kweli, na tukio la kuzikwa linaweza kumnyima mtoto usingizi. Michoro yake ni ya karibu sana na uhalisia, unaona mishono kwenye vazi la Batman na mikunjo ya ngozi, kwa hiyo vurugu haina kinga ile ya "ni katuni tu".

Usianze na katuni. Wape kwanza mlo wa familia ya Cratchit, hata kwa muhtasari wako wa Kiswahili, nusu saa inatosha. Siku ya pili onyesha kurasa za Superman, lakini ziba visanduku vya maelezo kwa vipande vya karatasi, waseme wao Batman anasikia nini. Ukishavifunua, waulize nani anayesema. Wengi watajibu "mwandishi". Waache wabishane hadi kengele ilie, na jina la Bob uwatajie kipindi kinachofuata.